Silabi Tatu

Mwalimu Daumantienė ameandika ubaoni,
chaki ikilia kama panya aliyebanwa mlangoni:
"Eleza jinsi mshairi anavyoonyesha ustahimilivu. Alama kumi."
Nje, mji wa Utena umefunikwa theluji tangu Jumatatu,
bomba la joto linakohoa chini ya dirisha,
na Eimutis, dawati la mbele,
anachora pikipiki pembezoni mwa kitabu.

Shairi lenyewe ni ubeti mmoja.
Lilichorwa kwa msumari
juu ya gome jeupe la mbetula,
huko Siberia, kambi ya wakata miti.
Jina la aliyelichora liko chini, kwa herufi ndogo:
Morta Stundžienė, mshonaji.

    Msumeno unakula, mti ungali gizani,
    Theluji haina mila, yalala hata begani,
    Nasema jina la kila aloanguka njiani,
    Na siku tutapokula, niwekeeni

Basi. Hapo limekatika.
Mizani mitano, kisha gome tupu.

"Silabi tatu zimepotea," anasema mwalimu,
"na kina chake ni -ni, tena -ani. Nani anajua?"
"Nyumbani," anasema Skirmantė, ambaye hujibu kila kitu.
"Amani," anasema mwingine, na darasa zima linaguna.
"Mwakani," anasema Eimutis bila kuinua kichwa,
na mwalimu anatua chaki, anamtazama kwa muda.
Tunajadili hadi kengele.
Natafuta neno ustahimilivu katika ile mistari.
Halimo. Wala jasiri, wala uhuru, wala adui.
Kuna msumeno. Kuna bega.

Jioni namkuta bibi Apolonija jikoni
akimenya viazisukari vyekundu, vidole vyekundu hadi vifundoni.
Alikuwa na miaka minane kule.
Namsomea ubeti. Nafika "niwekeeni," nanyamaza.
"Sahani," anasema,
kama mtu aliyeulizwa saa.

Kisu kinaendelea.
"Lile gome lilikuwa daftari letu.
Karatasi haikuwepo, na lugha yetu ilikatazwa,
Morta akatufundishia herufi humo usiku,
watoto watano chini ya blanketi moja, kwa mwanga wa mlango wa jiko.
Siku ile alilisema neno kwa sauti, mara moja.
Juozapas mdogo akaanza kulia.
Tulikuwa tunakula kwenye kifuniko cha kopo,
kwa zamu,
na yeye alilikumbuka ua la buluu katikati ya sahani ya mama yake.
Basi Morta akasema: hilo hatutaliandika.
Someni mpaka hapa."

"Kwa hiyo hakuitwa kwenye hesabu? Askari hawakumkuta?"
"Nani kasema?"
"Kitabu."
Bibi anacheka, kicheko kikavu kama ganda la kitunguu.
"Askari walichukua mengi.
Neno lile walilikosa. Tulilificha sisi wenyewe, kwa ajili ya Juozapas."

Sikuuliza Morta alirudi au hakurudi.
Kila mkesha wa Krismasi mezani kwetu
kuna sahani moja isiyo na mtu.
Nilidhani ni desturi tu, kama nyumba zote za hapa,
ya marehemu wote kwa jumla.
Sikuwahi kuigeuza nione ua.

Nimeandika haya yote kwenye mtihani, kurasa mbili.
Nimeandika kwamba kunyamaza nako ni silabi,
na kwamba kuna mtu aliyeharibu kina chake mwenyewe
ili mtoto alale.
Nimepata sita juu ya kumi.
Pembeni, kwa wino wa kijani:
"Unatoka nje ya matini. Ushahidi uko wapi?"

Uko kabatini, mwalimu, rafu ya juu.
Umepasuka ukingoni.
Bibi hataki tuuoshe kwa maji ya moto.