Kiuno cha Ludvik

Mwaka wa kwanza tepu ilisema tisini na moja.
Niliandika kwa penseli, ukurasa wa nne:
Ludvik, mpiga tuba, bendi ya wazimamoto, suruali ya buluu.
"Niachie nafasi, Štefka," akasema, "Krismasi hiyo inakuja."
Nikamwachia vidole viwili kwenye mshono wa nyuma.

Hapa Maribor hatumcheki mtu kwa kitambi.
Kitambi ni soseji za moshi, ni mkate wa jozi wa mama mkwe,
ni mvinyo wa mlimani; ni ushahidi kwamba mtu ana kwake.
Na mpiga tuba asiye na tumbo
ataliegemeza wapi dude lile?

Tisini na sita.
Mia na mbili.
Vidole viwili vikaisha, nikatia kiraka ubavuni,
buluu changa kuliko buluu yake.
Mia na tisa, na miguu bado ile ile ya korongo,
paja halijaongezeka hata uzi.
Hapo ningeshtuka. Nilinoa chaki tu.

Machi alirudi kutoka kliniki,
shingo bado inanata ile jeli waliyompaka
ili mashine isikilize damu ikipita.
Akakaa kwenye kigoda changu, akasimulia
kama anayesimulia habari za jirani.

"Haya ninayoyafinya, daktari anasema, yana nafuu.
Ubaya ni yale ya ndani, yaliyokumbatia ini na matumbo.
Hayalali. Usiku kucha yanaichokoza damu,
na damu inakwenda nayo kila mahali, hata huku shingoni,
kuta za mishipa zinafura, zinakakamaa,
moyo unasukuma, mshipa hautanuki.
Nina miaka hamsini na miwili, Štefka.
Mishipa yangu ina sabini."

Nikavuta mtoto wa meza.
Mlikuwa na lastiki ya mwaka niliofungua duka.
Nikaivuta mbele ya macho yake.
Ikalia kidogo, kama mchanga chini ya kiatu,
ikabaki ndefu.
"Hivi?"
Hakujibu. Aliizungusha kidoleni, akaondoka nayo.

Sasa humwona alfajiri kando ya mto Drava,
anatembea kwa hasira, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
kana kwamba mto unamdai.
Juzi: mia na moja.
Nikafumua kiraka, nikabana mshono, nikapiga pasi.
Matundu ya sindano yakabaki yamejipanga,
mstari mzima, mahali alipokuwa mnene.
Kitambaa hakisahau sindano.
Mishipa je? Aliniuliza yeye, nami si daktari.
Nikamwambia avae, twende mbele ya kioo.

Kinyozi hajinyoi, husema watu.
Leo nimefunga duka mapema, nimeshusha pazia,
nimejizungushia tepu kiunoni, chini ya sweta.
Nimeishika kwa kidole gumba pale ilipokutana.

Taa sijawasha.