Mkia wa Jina

Kila faili huja na mkia wake:
nukta, kisha herufi tatu au nne.
Na kompyuta hii iliyozeekea hapa Luanda,
mkabala na duka la mbolea,
haisomi barua, haitazami picha.
Hutazama mkia tu, kisha huita mtu wake.
Picha, njoo wewe. Hesabu, njoo wewe.
Wimbo, amka, umeletewa kazi.

Jumanne nilimwachia Lodenyi zamu,
nikaenda Majengo kutafuta wino.
Muhonja, fundi wa nguo, akaja na kadi ya kumbukumbu
ndogo kama ukucha,
ameifunga kwenye kipande cha sare ya shule.
Ilitoka kwenye simu ya kakake, Agoi, aliyezikwa Aprili.
Kompyuta ikauliza: hii niifungue kwa kutumia nini?
Kijana, mteja mwingine akimpumulia kisogoni
na kitambulisho cha kutolewa nakala,
akachagua programu ya juu kabisa, ya maandishi,
halafu akatia alama kwenye kile kisanduku:
daima.

Daima! Neno la kiapo cha harusi,
limejibanza pale chini kama sisimizi,
watu wanalibonyeza bila hata kuvua kofia.

Sauti ya mtu ikafunguliwa kama barua.
Ikamwagika: mraba, mraba, alama ya kuuliza,
herufi za nchi tusizozijua,
nusu mstari wa sifuri, tena mraba.
Muhonja akasema, chapisha.
Kurasa kumi na saba, shilingi kumi kila moja.
Lodenyi akampunguzia ishirini.

Alhamisi akarudi nazo, zimekunjwa kama kitambaa cha mteja,
akaniuliza mimi, kwa vile nilisomea Maseno,
kama naweza kumsomea.

Sikucheka. Nilikaribia.
Nikabofya upande wa kulia, nikateremka hadi Fungua kwa,
nikachagua nyingine, ile ya sauti,
nikasita juu ya daima
kama mtu anayejaribu maji ya kuoga kwa kidole,
nikatia.
Faili tisa zilizokuwa karatasi
zikabadilisha nguo kwa mpigo mmoja,
kila moja na nota ndogo ya muziki kifuani.

Nimeona mengi kwenye meza hii.
Mwanafunzi aliyefuta mkia wa insha yake
akaandika pdf kwa vidole vyake,
kisha akashangaa chuo kimeikataa.
Mwite mbuzi ng'ombe, bado hutakamua debe.
Nami niliwahi kukaa benchi, ofisi fulani Kisumu.
Karani akasoma jina langu la mwisho,
cheti hakukigusa,
akanionyesha mlango.
Nani alimtilia alama ile, sijui.
Wala sijui huondolewa upande gani.
Kwa kompyuta kuna mipangilio.

Agoi alikuwa anajaribu simu mpya.
"Haloo. Haloo. Inarekodi? Hii inarekodi kweli?"
Kuku. Lango la bati. Chafya.
Akahesabu mifuko ya saruji, akapotea kwenye saba,
akarudi sita.
"Muhonja, zima jiko, sufuria inaungua."

Na Muhonja akajibu, palepale kwenye kiti cha plastiki:
"Nimezima."

Tukasikiliza zote tisa.
Mvua ya alasiri ikaanza kutwanga paa, nikaongeza sauti.
Lodenyi alifagia mahali palipokuwa safi,
akafagia tena.

Pesa nilikataa, akaziacha chini ya kibodi.
Zile kurasa nikamwomba,
upande wa pili ni mweupe, zingenifaa kwa nakala za majaribio.
Alikuwa ameshazitia mkobani, kati ya tepu na makasi.
"Hizi hapana," akasema.
"Nimeshazizoea."