Moja, Tatu, Nne, Mbili

Nilisomesha hesabu miaka thelathini na mmoja,
sikuwahi kushindwa na kumi.
Leo kumi imenishinda:
spana yake haipo.
Ya nane ipo, ya tisa ipo, za kumi na moja zipo mbili,
na nati zote za kabureta hii, kila moja,
zinataka kumi.
Nimetumia koleo. Nati zimekuwa duara.

Gari ni Fiat ya mwaka wa sabini na nane,
rangi ilikuwa buluu, nadhani.
Niliuziwa na Mtaliano wa kule Kasuarina
aliyefunga nyumba siku moja akaenda kwao,
akaniachia funguo, kijitabu, na mbwa.
Mbwa alishakufa. Kijitabu ni cha Kitaliano.
Mishi, mke wangu, husema
mbwa walau alikuwa akitoka nje ya lango.

Nati ndogo, ndogo kama punje ya mtama,
iliniponyoka vidoleni, ikagonga bampa, ting,
ikazama mchangani.
Mchanga wa Maweni mweupe, mzuri kuutazama;
angusha nati humo uone.
Nimeuchekecha kwa chekecheke la unga.
Nimepata kizibo cha soda, jino la kitana,
senti kumi ya zamani yenye tundu,
na hereni ambayo Mishi aliapa kuwa niliiuza.
Nati sikuipata. Chekecheke limepasuka.
Hereni nimeitia mfukoni; kila jambo na wakati wake.

Kutu ya hapa haina haraka, wala haina huruma.
Bolti ya rejeta nimeipaka oili, nimeibembeleza,
nimeisomea Bismillahi, nimeitukana kidogo.
Ikazunguka. Nikafurahi.
Kumbe kilichozunguka ni kichwa.
Kiwiliwili kimebaki ndani.

Gasketi hakuna, Malindi nzima.
Shekuwe wa duka la spea aliipokea ile kuukuu,
akaigeuza, akaiinua mwangani,
akaniuliza kama ni kitu cha cherehani.
Mpya nimeikata kwa mkasi, boksi la viatu vya shule.
Sasa injini yangu inavaa namba thelathini na nane.

Plagi nne, nyaya nne. Hapa ndipo kwangu.
Moja, mbili, tatu, nne,
nilivyofundisha darasa la kwanza
kwa vijiti, kwa visoda,
kwa vidole vya wasio na vijiti.
Nikawasha.
Gari likapiga mzinga.
Kuku wa Bi Nyevu wakapanda juu ya makuti,
kijana wa bodaboda kwenye kona akalala chini,
na nyusi yangu ya kushoto
haipo tena.

Nyevu akaja, wala si kwa ajili ya kuku.
Miaka kumi aliwashonea wageni suruali;
Kitaliano anakitema kama mbegu za tikiti.
Akafuta vidole, akafungua kijitabu.
"Uno, tre, kwatro, due."
Nikamwambia asome vizuri.
Akasoma vizuri.
"Moja, tatu, nne, mbili.
Mwalimu, gari hili halikupita darasani kwako."

Nikasimama na waya mkononi.
Nilimchapa mtoto, Thoya wa Mwambire,
mwaka wa themanini na tisa,
kwa kuhesabu hivi hivi.
Alilia bila sauti, akarudia vile vile.
Sijui yuko wapi. Labda ni fundi.

Nikapanga. Moja. Tatu. Nne. Mbili.
Likakohoa, likameza, likawaka,
likanguruma kama mtu anayesukutua,
na Mishi akatoka jikoni, mikono imejaa unga,
kuuliza chekecheke liko wapi.

Nikatia rivasi. Haiingii.
Nikatia tena. Ikalia kama mbuzi.
Mbele ni ukuta wa jirani,
nyuma ni lango, ni barabara, ni mji mzima.

Basi wakaja watoto wa chuoni, yule wa bodaboda, Nyevu,
na Mishi, viganja vyake vyeupe juu ya boneti.
"Mwalimu, hesabu tusukume!"
Nikafungua kinywa.
"Moja," nikasema, "tatu…"
Wakasukuma, wote, kwa tatu, kama ada,
na mimi mguu
sijautoa kwenye breki.