Nyuzi Sufuriani

Semhando hakununua nyuzi mpya.
Kila Ijumaa alizichemsha zile nne
katika sufuria ya Bi Mwantumu
mpaka jasho la vidole litoke kwenye chuma
na besi ingurume tena kama ya dukani.

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Saba,
tulimjua kwa glasi zetu za kabatini:
akigusa uzi mnene, zinagongana.
Mama alizitenga kwa vitambaa,
analaani, kisigino chake kinahesabu.

Jukwaani, roki ikiwaka, alisimama nyuma ya wote.
Katika picha ni bega, nusu sikio.
Wasichana walimtaka mwimbaji.
Mimi nilimtazama yeye, kafumba macho
kama anayemsikiliza mtu chumba cha pili.

Juzi, baada ya arobaini, bendi ilipiga.
Gitaa likalia, dramu zikajibu,
na katikati pakawa na shimo.
Tulicheza tukilikwepa.

Usiku nikaviondoa vitambaa vya mama.
Glasi zimegusana,
kimya.

Bi Mwantumu kanipakulia maharage.
Anasema sufuria ile bado ina ladha ya chuma.
Hataki kuisugua.