Vijiti Tisa

Miaka ishirini na sita nimekoboa mpunga pale Isevya.
Sikio la kushoto limebaki na mashine;
ukiniita kwa upande huo
utanikuta nasikiliza mkanda ukizunguka.
Kwa hiyo msiniulize kwa nini umeme.
Nataka kitu kinachokwenda bila kunigombeza.

Yalikuwa mawili uani kwa Rutashobya,
yote mtumba, yote yameshaonja vumbi la Tabora.
Moja jeupe: milioni kumi na tisa.
Betri imechoka, vijiti tisa kati ya kumi na viwili,
kilomita mia na ishirini ukiwa na subira,
na kiyoyozi umekizima,
na mlima haupo.
La pili la kijani,
kijani cha mpunga wa wiki tatu, kabla haujajua njaa ya mtu.
Kiti chake kiliupokea mgongo wangu
kama kilichokwisha kusikia habari zake.
Milioni ishirini na saba.

Mwanangu Mihayo akapiga hesabu kwa simu kutoka Mwanza:
"Mama, hapo katikati kuna milioni nane.
Ni kinu kipya. Ni bati la nyumba nzima.
Rangi haikufikishi popote."
Nikamwuliza, wewe mbona ulioa kwa sura?
Akacheka, akarudi kwenye tarakimu.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.
Wahenga hawakuwa na mkopo wa vikoba.

Usiku nikaligeuza jambo kama mpunga juu ya turubai,
huku bei, huku moyo, huku bei tena.
Mizinga yangu kumi na minne iko Sikonge,
kilomita sabini na ushei.
Jeupe litafika. Kurudi, halirudi.
La kijani lingekwenda, likarudi,
na likabakiwa na chaji ya kuzungukia majirani.

Ila miaka yote nimekwenda Sikonge na kurudi siku hiyohiyo:
nafunga ndoo za asali,
namsalimu dada yangu Nyamizi nikiwa nimesimama,
mkono mlangoni mwa fuso la watu, injini inanguruma,
naye ananiambia jambo
upande wa kushoto.

Jeupe likifika kwake litadai saa tisa ukutani,
waya upite dirishani,
juu ya kitanda cha wageni
ambacho sijawahi kukilalia.
Nikampigia. Akanyamaza kidogo,
kisha akasema: "Njoo. Lakini Luku utanunua wewe."

Asubuhi nikalipa. Kumi na nane na nusu;
laki tano niliziangusha kwa maneno,
na mazulia ya miguuni Rutashobya akaongeza mwenyewe,
labda kwa kuniona natazama kulikokuwa na kijani.

Msinisifu kwa busara.
Lile la kijani kalinunua daktari wa meno wa Cheyo.
Juzi lilinipita Ng'ambo, kimya, linameremeta,
nikageuza shingo barabarani kama msichana,
mpaka mwenye baiskeli nyuma yangu akapiga kengele.
Alikuwa upande wa kulia.
Nikamsikia.