Kuni za Newala

Umetoka Lindi, Somoe, umezoea mkoko,
moto mnene unaonukia chumvi,
na vifuu vya nazi vinavyoitika kwa njiti moja.
Huku juu hakuna mkoko. Keti, nikuoneshe.

Huu mkorosho. Ndio tulio nao kwa wingi,
kila tukipogolea shamba tunabeba mizigo.
Unashika upesi. Ukiwa mbichi kidogo tu unatema mate,
na moshi wake unakutoa machozi usiyoyapanga.
Wa chai, sawa. Ukitaka kuivishia mbaazi kavu
utachochea mpaka uchaga ubaki mtupu.

Mwembe mvivu. Unafuka, unawaza, unafuka tena.
Mpapai usiuingize jikoni hata kwa mzaha:
mimi niliuleta, bibi harusi wa siku nne,
nikapuliza hadi mashavu yakaniuma,
mama mkwe akacheka mpaka kanga ikamvuka.

Sasa shika huu. Mkwaju.
Usikie uzito wake.
Unachelewa kukubali, ila ukikubali umekubali.
Usiku lifukie kaa lake kwenye majivu;
alfajiri fukua, utakuta jicho liko wazi.

Kile cheusi nyuma ya mtungi, kiache.
Mpingo.
Baba mkwe wako alikuwa anachonga mkono wa mtu,
ukapasuka kwenye kiwiko.

Vilikuwa vitatu. Mwaka mmoja mvua haikukatika,
kuni zote zimelowa, hata za darini,
na huyu mumeo, mtoto wa miaka miwili,
ana homa, anatetemeka meno yanagongana.
Nilitia kimoja. Nikatia cha pili, chenye uso tayari.
Mpingo hauna kelele, Somoe. Hautoi cheche.
Uliwaka kimya, mwekundu hadi ndani,
chungu kikatokota, chumba kikawa kama adhuhuri.

Mwenyewe akarudi, ameroa.
Akaangalia motoni. Akaniangalia.
Akavua shati, akakaa, akanyoosha viganja
akaota moto wa kazi yake ya miezi mitano.
Hakusema neno, wala usiku ule, wala hadi anakufa.
Asubuhi alichukua shoka; jioni
alirudi na mkwaju begani.

Hicho kimoja nimekibakiza.
Siku ukikihitaji, hutaniuliza.

Haya, sukuma ukuni ndani.
Mbaazi zimenyamaza.