Sekunde Nne

Kule Milwaukee, ghorofa ya tatu ya hoteli,
walitufundisha kwamba ukimya hewani ni dhambi:
sekunde nne tu, msikilizaji kashageuza kitufe.
Niliandika. Bi Tollefson, mlezi wetu, hakuandika;
alikuwa akimenya chungwa juu ya ratiba ya kongamano.

Vyuo vikubwa vilikuja na fulana za sare
na vibandiko vya kugawa kama peremende.
Sisi tulikuwa watano, gari la chuo lenye hita mbovu,
na kipindi kimoja cha kushindania kikombe:
mahojiano na dereva wa tingatinga la theluji.
Kikombe kilikwenda Ohio. Tukapiga makofi,
makofi ya mtu aliyevaa glavu.

Usiku, koridoni, kando ya mashine ya barafu,
Bi Tollefson akaninong'oneza:
masafa yetu yanauzwa. Kanisa moja limefika bei.
"Usiwaambie wenzio. Waache wale kwanza."

Wakala. Mimi nikatafuna mkate kama gazeti.

Maili thelathini kabla ya kufika Minot
redio ya gari ikakohoa, ikamtema Corwin,
wa mwaka wa kwanza, tuliyemwachia zamu,
akisoma hali ya hewa ya jana.
Akakosea. Akajicheka. Akasema:
"Kama kuna mtu yeyote huko nje, usiku mwema."

Kisha kimya.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Hakuna mkono uliogusa kitufe.
Saba. Nane.
Mbele kulikuwa na kilima; Bi Tollefson
akapunguza mwendo,
ukimya ule usije ukatukatikia.